Kiti cha Tatu

Nilimnunua kwa dola tatu,
yeye na wenzake, santuri nne ndani ya boksi la sabuni,
kwenye mnada wa vyombo vya marehemu, Toledo, Ohio,
theluji ya Februari imeshageuka tope.
Mpwa wake ndiye aliyeuza. Alinipunguzia
kwa kuwa jalada moja lilitafunwa na panya.
"Mjomba alikuwa akipulizapuliza," alisema,
kama mtu asemaye mjomba alikuwa akivuta sigara.

Thurman Okes. Saksafoni ya tenori.
Miaka kumi na mmoja alikaa kiti cha tatu
katika bendi ya watu kumi na sita,
suti ya krimu, tai ya kuazima,
tofali moja katika ukuta wa shaba.
Kuisaka humo sauti yake
ni kulisaka chozi ulilodondosha mtungini.

Husemwa kizuri chajiuza.
Hiki kilikaa chini ya ngazi miaka hamsini na miwili
na aliyetangulia kukionja ni panya.

Mimi si mjuzi. Nasoma mita za gesi,
nabisha milango ya watu, naandika tarakimu, naondoka.
Lakini najua nyumba yenye watu wanne:
wanne ni meza ya jikoni,
wanne huna pa kujificha, wala huna haja ya kupaza.

Eulalia Birdsong kwenye piano,
aliyemuaga mchungaji kwamba anakwenda kumuuguza shangazi.
Dewitt Purifoy, ngoma, na zaidi ya ngoma, brashi,
kama mtu afagiaye ua huku mtoto amelala.
Na besi: Casimir Nowicki wa kiwanda cha vioo,
vidole vyenye makovu ya moto.
Walirekodi usiku, nyuma ya duka la samani, mtaa wa Dorr,
katikati ya makochi yaliyovishwa nailoni,
maana makochi hunywa mwangwi.

Sindano inashuka.
Kwanza pumzi. Yake. Imo kwenye santuri,
ndefu, ya mtu anayejiandaa kuinua gunia.
Piano inauliza. Brashi zinauliza.
Yeye anachelewa,
anachelewa kwa makusudi, kama mgeni asimamaye nje
akiwangoja wenyeji wamalize kugombana.
Kisha anaingia kwa noti moja tu,
ya chini, yenye mchanga,
na anakaa nayo.

Ya nne sikuipenda. Kuna kinanda cha umeme,
kuna haraka, kuna mtu aliyemwambia vijana wanataka kucheza.
Nimeisikiliza mara mbili, kwa adabu.

Ila ya pili!
Upande wa pili, wimbo wa mwisho, wameanza bila besi;
zamu ya Casimir ilirefushwa kiwandani.
Wanatembea watatu, wanaliruka shimo alipopaswa kuwa.
Dakika ya tatu, mlango unalia.
Unasikia buti zikikung'utwa theluji,
zipu ya mfuko wa besi ikishuka polepole, kwa haya,
na Okes hasimami,
anageuza tu shingo ya wimbo, noti mbili,
kama kusema: pita, sufuria bado ipo motoni.
Besi inaingia.
Lo! Sakafu yote inapata miguu.

Hakuna aliyesema turudie.

Usiku wa kwanza niliipiga mara saba.
Ramona, mke wangu, alikuwa akikunja nguo chumbani.
Mlango ulipolia alipita mbele yangu na soksi mkononi,
akaenda kufungua.
Baridi ikaingia na harufu ya mto Maumee.
Hapakuwa na mtu. Taa ya barazani, tope, gari letu.
Alisimama pale wimbo ukiendelea nyuma yake,
sasa wakiwa wanne,
nami nikangoja aseme, zima hilo dude.
Aliegesha mlango, hakuufunga,
akaja akaketi.
"Nani huyo," aliuliza, "anayemkaribisha?"